Kura ya Aliye Ng'ambo

Raia wa Marekani aliyekuwa akikaa Chicago, akifunga mizigo yake akaja kukaa hapa Unguja, ikiwa Shangani au ikiwa Paje, haki yake ya kumchagua Rais wa nchi yake huja nayo. Hata akikaa miaka 20, karatasi ya kura itamfuata, ataijaza, ataitia katika bahasha, na itahesabiwa katika Jimbo la Illinois kana kwamba hakupata kuondoka. Lakini raia huyo huyo, kutoka mtaa huo huo, akihamia kisiwa cha Guam, ambacho Marekani ilikitwaa kutoka kwa Wahispania mwaka 1898 na ambako posta, mahkama na sarafu ni za Marekani, haki hiyo humtoka mara anapokuwa mkaazi wa huko. Ndiyo kusema kwamba mbele ya sheria ya uchaguzi, Unguja iko karibu na Ikulu ya Washington kuliko Guam.

Hatukuutaja mfano huu kwa nia ya kuwacheka wenye dola kubwa. Tumeutaja kwa sababu suala la kura ya raia aliye nje ya nchi yake linazidi kuulizwa katika nchi nyingi, na yetu ni miongoni mwao, na Marekani ndiyo nchi iliyojaribu jambo hili kwa muda mrefu na kwa mapana kuliko wengi. Wamelipatia pengine na pengine wamelikosea, na yote mawili yana faida kwa mwenye kutaka kujifunza.

Sehemu ya historia hiyo imepita bandarini petu. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Serikali ya Marekani, Bwana Richard Waters alifika hapa mwaka 1837 akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, na nyuma yake wakaja wafanyabiashara wa mji wa Salem kununua pembe na sandarusi, na kuuza kitambaa kile ambacho hata leo wazee wetu hukiita merikani. Mtu wa Salem aliyekaa Mji Mkongwe miaka mitatu au minne alikosa kila uchaguzi uliopita nyuma yake. Wakati ule kura ilikuwa ni ya aliyekuwepo; hapakuwa na sheria ya kumwezesha raia wa kawaida kuipiga akiwa ng'ambo ya bahari. Na hata wale mafundi wa mitambo ya Tunguu, waliokuwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kazi ya kufuatilia vyombo vya anga, walitegemea huruma ya sheria ya jimbo la kila mmoja wao.

Mlango ulifunguliwa kwanza kwa askari. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, majimbo kadhaa ya Kaskazini yaliwaruhusu wanajeshi wapige kura wakiwa kambini, na Abraham Lincoln alichaguliwa tena mwaka 1864 kura hizo zikiwemo. Vita Vikuu vya Pili vilipopeleka mamilioni ya vijana wao Ulaya na Pasifiki, Kongresi ilipitisha sheria ya mwaka 1942 na kuirekebisha mwaka 1944, lakini baada ya ubishi mkali. Wabunge wa majimbo ya Kusini walipinga karatasi ya kura itakayotolewa na Serikali Kuu, kwa kuwa walijua fika kwamba karatasi hiyo ingemfikia pia askari mweusi, ambaye nyumbani kwao alizuiwa kwa kodi ya kura na kwa hila nyingine. Tangu siku hiyo ya mwanzo, basi, ubishi haukuwa juu ya bahari wala stampu za posta. Ulikuwa juu ya nani atapata sauti.

Raia wasiokuwa askari walingoja zaidi. Kikwazo chao kikubwa kilikuwa ni neno moja, nalo ni ukaazi. Mwalimu, mhandisi au mke wa mfanyabiashara aliyeko Paris au Nairobi alipoomba karatasi ya kura, jimbo lake liliweza kumjibu kwamba huna nyumba hapa, huna tarehe ya kurudi, basi wewe si mkaazi wetu. Na kwa vile hakuwa mkaazi wa jimbo lolote jingine, alibaki raia mwenye pasi mkononi na asiye na mahali pa kupigia kura. Hali hiyo iliwauma zaidi kwa sababu Marekani, pamoja na Eritrea, ni katika nchi chache mno duniani zinazomdai raia kodi ya mapato popote anapoishi. Watu wa Boston walimwaga chai ya Mwingereza baharini mwaka 1773 wakikataa kutozwa kodi na Bunge wasilokuwa na mjumbe ndani yake. Wajukuu zao waliokuwa nje wakajiona wamerudishwa pale pale.

Sheria ya mwaka 1975, ambayo Rais Gerald Ford aliitia saini mwanzoni mwa Januari 1976, ilikikata kifundo hicho. Ilisema kwamba anwani ya mwisho ya raia kabla hajaondoka inatosha kumpatia kura ya Rais na ya Kongresi, hata kama nyumba yenyewe imekwisha kuuzwa na hata kama hajui atarudi lini. Sheria ya mwaka 1986, ya zama za Rais Ronald Reagan, iliwaunganisha askari na raia wa kawaida chini ya utaratibu mmoja, na ya mwaka 2009 iliyalazimisha majimbo kupeleka karatasi za kura siku 45 kabla ya uchaguzi, pamoja na kuruhusu karatasi tupu ipelekwe kwa njia ya mtandao.

Utaratibu wenyewe ni huu. Raia hujaza fomu moja inayomwandikisha na kumwombea karatasi ya kura kwa pamoja, naye anashauriwa kuipeleka upya kila mwaka. Fomu haiendi Washington. Inakwenda kwenye afisi ya uchaguzi ya wilaya yake ya mwisho, na afisi za namna hiyo ni maelfu, kila moja ikifuata sheria ya jimbo lake. Jimbo moja linataka shahidi atie saini, jingine halitaki. Jimbo moja linapokea kura kwa baruapepe, jingine linataka karatasi yenyewe, na linaitaka ifike kabla ya siku fulani. Karatasi ikichelewa kumfikia, mpigakura anaweza kutumia karatasi ya akiba, ambayo huandika juu yake kwa mkono jina la anayemtaka. Na penye posta isiyoaminika anaweza kuipeleka bahasha yake ubalozini ikasafiri pamoja na mizigo ya kibalozi. Mtu anayeijua njia hiyo yote, na akaianza mapema, hupiga kura. Lakini wangapi wanaijua?

Jawabu ni kwamba ni wachache mno. Hata idadi ya raia hao haijulikani kwa hakika. Idara ya Sensa ya Marekani ilijaribu kuwahesabu mwaka 2004 katika nchi tatu, Ufaransa, Kuwait na Mexico, ikapata majibu kidogo kwa gharama kubwa, na mpango ukaachwa. Afisi ya Serikali yao inayowasaidia wapigakura walio nje ilikisia kwamba mwaka 2020 raia wa kawaida waliokuwa na umri wa kupiga kura na wanaoishi nchi za nje walikuwa karibu milioni 2.8, na kwamba waliopiga kura walikuwa 7.8 kwa mia. Mwaka huo huo, ndani ya Marekani, watu wawili katika kila watatu wenye haki hiyo walipiga kura. Katika uchaguzi wa Kongresi wa mwaka 2022 hesabu ya walio nje ilishuka hadi 3.4 kwa mia. Kwa hiyo haki ipo, imeandikwa, na ina miaka karibu 50. Ila wenye haki wengi hawaitumii, ama kwa kuchoshwa na masharti, ama kwa kuona kwamba kura moja kutoka mbali haitikisi kitu.

Kwa hao wa mwisho tunalo jawabu, nalo ni Florida. Uchaguzi wa Rais wa mwaka 2000 ulipofika kwenye jimbo hilo, George W. Bush na Al Gore walikuwa wamekabana kiasi kwamba kura 25 za jimbo hilo ndizo zitakazompata Rais. Hesabu rasmi ya kwanza, kabla ya kura za ng'ambo, ilimweka Bwana Bush mbele kwa kura 300. Florida ilikuwa ikizipokea kura za ng'ambo hadi siku 10 baada ya uchaguzi, maadamu zimepigwa kwa wakati, na zilipofunguliwa zikamwongezea 630. Baadaye, baada ya kura nyingine kuhesabiwa kwa mkono katika baadhi ya wilaya, tofauti ilitangazwa kuwa ni kura 537, na Mahkama Kuu ikasimamisha hesabu isiendelee. Kila mwenye kujua kutoa na kujumlisha ataona kura za ng'ambo zilikuwa na uzito gani.

Yaliyofuata ndiyo yanayopasa kusomwa kwa makini na maofisa wetu. Mwaka 2001 gazeti la New York Times lilichunguza kura 2,490 za walio ng'ambo zilizohesabiwa baada ya siku ya uchaguzi, likakuta 680 zina kasoro kwa mujibu wa sheria ya Florida yenyewe: nyingine hazina mhuri wa posta, nyingine hazina saini ya shahidi, nyingine zimechelewa. Hawakukuta ushahidi wa njama ya wapigakura. Walichokikuta ni kwamba kasoro ile ile ilisamehewa katika wilaya moja na haikusamehewa katika wilaya nyingine, kwa kadiri mawakili wa chama kipi walivyosimama mezani na kupaza sauti. Askari aliyeipa bahasha yake posta ya jeshini hakuwa na kosa ikiwa haikugongwa mhuri. Lakini pale sheria inapokuwa wazi na msimamizi akaamua kuitazama kwa jicho moja mahali na kwa macho mawili mahali pengine, aliyeshindwa hatalala usingizi, na kwa kweli hata aliyeshinda hatalala vizuri.

Mwaka ule ule jimbo la Utah lilijikuta limekosa kiti kimoja katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kwa upungufu wa watu wasiofika 900. Sensa iliwahesabu askari na watumishi wa Serikali walio nje, jambo lililoifaa North Carolina yenye kambi nyingi, lakini haikuwahesabu vijana wa Utah waliokwenda nchi za nje kuhubiri dini yao, nao walikuwa maelfu. Utah ilikwenda mahkamani ikashindwa, na kiti kikabaki North Carolina.

Na ni huko huko North Carolina jambo hili lilikofufuka juzi tu. Katika uchaguzi wa Novemba 2024, Jaji Allison Riggs alimshinda Bwana Jefferson Griffin katika kugombea kiti cha Mahkama ya Juu ya jimbo hilo kwa kura 734, katika kura zaidi ya milioni 5. Aliyeshindwa aliomba kura zaidi ya 65,000 zitupwe. Miongoni mwake zilikuwamo za askari na raia walio ng'ambo ambao hawakuambatanisha nakala ya kitambulisho chenye picha, ilhali kanuni za Tume ya Uchaguzi ya jimbo ziliwaambia waziwazi kwamba hawadaiwi nakala hiyo. Tena hakuzilalamikia kura za namna hiyo katika jimbo zima. Alizichagua za wilaya chache ambazo mpinzani wake ana nguvu. Mahkama za jimbo zilielekea kumkubalia kwa sehemu, na kwa miezi kadhaa watu waliopiga kura kwa kufuata kila walichoambiwa hawakujua kama kura zao ni kura. Tarehe 5 Mei 2025, Jaji Richard Myers wa Mahkama ya Serikali Kuu, aliyeteuliwa na Rais Trump, aliamua kwamba masharti hayawezi kubadilishwa baada ya kura kwisha kupigwa, na kwamba Jaji Riggs atangazwe mshindi. Siku mbili baadaye Bwana Griffin alikubali kushindwa.

Katika kesi hiyo walikuwamo pia wapigakura wachache wa aina ya peke yake: watoto wa Wamarekani, waliozaliwa nje na wasiopata kukaa Marekani hata siku moja. Sheria ya North Carolina iliwaruhusu kupiga kura kwa anwani ya mzazi wao, na majimbo mengine mengi, ingawa si yote, yanaruhusu hivyo. Wako wanaouliza kwa haki kabisa: mtu asiyepata kutia mguu katika wilaya, anamchaguaje diwani au jaji wake? Sisi tunaona swali hilo lina nguvu kwa uchaguzi wa diwani na halina nguvu kwa uchaguzi wa Rais, ambaye kwa hati ya sahihi yake mtoto huyo anaweza kudaiwa kodi au kuitwa vitani. Lakini swali likiwa lina majibu mawili, mahali pake ni ndani ya Bunge kabla ya uchaguzi. Kulizua baada ya kuona matokeo ni jambo jingine.

Sasa turejee visiwani, kwani hapa ndipo mwendo wa Marekani unapotushangaza zaidi. Puerto Rico ina watu zaidi ya milioni 3, nao ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917. Watu wa Guam ni raia tangu mwaka 1950. Viko pia Visiwa vya Virgin, vilivyonunuliwa kutoka Denmark, na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini, na Samoa ya Marekani ambayo wazaliwa wake hawapewi hata uraia kamili. Wote hao hawamchagui Rais, na mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi huongea lakini hapigi kura ya mwisho ya kupitisha sheria. Vijana wao wanakwenda jeshini, na wengine hawarudi. Msingi wa hali hii ni hukumu za Mahkama Kuu ya Marekani zilizoanza mwaka 1901, ambazo ziliamua kwamba visiwa hivyo ni mali ya Marekani bila ya kuwa sehemu kamili ya Marekani.

Watu kadhaa waliokuwa wakaazi wa Illinois kabla ya kuhamia visiwani, baadhi yao wakiwa askari wa zamani, waliipeleka hoja hii mahkamani. Walisema: ndugu yetu aliyehamia nchi ya kigeni anapiga kura Illinois, na aliyehamia Mariana ya Kaskazini au Samoa ya Marekani vilevile anapiga, kwa kuwa sheria ya Illinois inavihesabu visiwa hivyo kuwa ng'ambo, sisi wa Guam, Puerto Rico na Virgin tumekosa nini? Mwaka 2018 Mahkama ya Rufaa iliwajibu kwamba tofauti hiyo haivunji Katiba, na Mahkama Kuu ikakataa kuisikiliza kesi yao. Na iko ajabu ya tatu. Mtu wa Puerto Rico akihamia Florida, anajiandikisha na kumchagua Rais kama mwenziwe yeyote. Akihamia Unguja moja kwa moja kutoka kwao, hampigii, kwa sababu anwani yake ya mwisho ni ya kisiwani. Jirani wawili Wamarekani wanaweza kuwa wanakaa nyumba moja ya kupanga hapa kwetu, wana pasi za rangi moja, mmoja anachagua Rais na mwenziwe anamtazama.

Na sisi je? Mtanzania aliyeko Maskati, Dubai, London au Toronto hana kituo cha kupigia kura huko aliko. Familia nyingi za Unguja na Pemba zinaishi kwa fedha zinazotumwa na watu hao, na nyumba na misikiti iliyojengwa kwa jasho lao inaonekana. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuanza. Katiba yao ya mwaka 2010 iliamrisha raia walio nje waandikishwe hatua kwa hatua. Mwaka 2013 walipiga kura ya Rais katika nchi za Afrika Mashariki, Dar es Salaam ikiwamo, na kufikia mwaka 2022 vituo vilikuwapo katika nchi 12, zikiwamo Falme za Kiarabu na Qatar. Walioandikishwa hawakuzidi sana 10,000. Wako wanaosema ni wachache, na ni kweli. Lakini orodha yao inajulikana, vituo vyao vimo ndani ya balozi, mawakala wa vyama huwapo, na kura huhesabiwa siku ile ile mbele ya macho ya watu.

Tukiulizwa maoni yetu, tungewaambia maofisa wanaohusika kwamba njia ya Kenya inatufaa kuliko njia ya posta ya Wamarekani. Bahasha inayosafiri majuma matatu ni bahasha ya kugombewa, na Florida imetuonyesha mwisho wake. Tungeshauri pia kuanza na kura ya Rais wa Jamhuri ya Muungano peke yake, katika balozi chache zenye watu wetu wengi. Kura ya Mwakilishi na ya diwani inafungamana na jimbo na shehia, na nani ni mkaazi wa jimbo gani ni swali ambalo visiwani tumeligombania vya kutosha hata kwa watu waliopo. Kulipeleka Maskati kabla hatujalimaliza hapa ni kuongeza kuni. Na kanuni zote, ikiwa ni za vitambulisho au za saa ya kufunga, zitangazwe mapema kiasi kwamba hakuna mgombea anayejua bado kama zitamfaa au zitamdhuru.

Tungependa hasa maofisa hao wautazame mfano wa Guam. Kila baada ya miaka minne, tangu mwaka 1980, watu wa kisiwa hicho humchagua mtu wanayemtaka awe Rais kwenye karatasi ile ile wanayowachagulia viongozi wao wa nyumbani. Kwa kuwa jua huchomoza kwao mapema, hesabu yao huwa imekwisha kutangazwa wakati bara la Marekani watu wengi hawajaamka kwenda vituoni, na kuanzia mwaka 1984 hadi mwaka 2012 kila waliyemtaka ndiye aliyeshinda. Magazeti huiandika habari hiyo asubuhi. Kura zenyewe haziingizwi katika hesabu yoyote.